Tarehe Isigeuke Njiani

Mada kwa makarani wa data na maafisa wa rekodi, Kisumu



Chukueni mfano wa mtoto aliyezaliwa Seme tarehe 11 Mei 2023. Chanjo yake ya kwanza ya surua na rubela hutolewa akifikisha miezi 9, yaani Februari 2024. Kwenye orodha, siku yake ya kuzaliwa ni 11/05/2023. Orodha hiyo ikifunguliwa katika kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, mtoto huyo anasomeka kuwa amezaliwa tarehe 5 Novemba. Mhudumu wa afya ya jamii hataagizwa kumtafuta hadi Agosti. Miezi 6 itapita, na surua haisubiri.

Mapato nayo huathirika. Ada iliyolipwa 01/07/2024, siku ya kwanza ya mwaka wa fedha 2024/25, ikisomwa kuwa 7 Januari, inaangukia mwaka wa 2023/24.

Hifadhidata yenyewe haina kosa. Tatizo huanza data inapotolewa kuwa faili la CSV. Faili hilo ni maandishi matupu. Halielezi ipi ni siku na upi ni mwezi. Excel inapolifungua, hukisia kwa kufuata mpangilio wa kompyuta inayotumika.

Tena haigeuzi tarehe zote. 11/05 hugeuka kimya kimya, lakini 23/05 haiwezi kugeuka kwa sababu hakuna mwezi wa 23. Hiyo hubaki kama maandishi na kuegemea kushoto, huku tarehe nyingine zikiegemea kulia. Mkiona safu moja ina tarehe zinazoegemea pande mbili, simamisheni kazi.

Dawa yake ni hatua nne:

1. Data inapotolewa, tarehe iandikwe mwaka, mwezi, siku: 2023-05-11. Huu ni mtindo wa kimataifa wa ISO 8601, uliotolewa mwaka 1988. Hauna utata, na hata ukipangwa kama maandishi, tarehe hufuatana sawasawa.

2. Faili lisifunguliwe kwa kulibofya tu. Fungueni Excel kwanza, ingizeni faili kupitia sehemu ya Data, kisha elezeni kwamba safu hiyo ni tarehe na mpangilio wake ni upi.

3. Linganisheni rekodi tano au sita na hifadhidata kabla ya kutuma. Chagueni zenye siku ya 12 au chini yake, kwa kuwa ndizo zinazoweza kugeuka bila kuonekana.

4. Faili la awali lihifadhiwe bila kuguswa. Excel ikihifadhi upya faili la CSV, huandika tarehe jinsi inavyoionyesha, na kosa hilo husafiri na faili hadi kwa kila atakayelipokea.

Ukaguzi huu huchukua dakika chache. Orodha inayofika Nyakach au Muhoroni ikiwa na tarehe sahihi humpeleka mhudumu kwenye mlango unaofaa, kwa wakati unaofaa.