Hema Lililojaa Maji
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wahitimu na wanafunzi, Siku ya Wahitimu)



Niliombwa nizungumzie faida za kusafiri. Insha za kichwa hicho zimeandikwa nyingi hapa shuleni, na ya kwangu ilipata alama 9 kati ya 20. Kwa hiyo nitaeleza safari moja tu, ya siku sita, na mvua ilinyesha siku zote sita.

Mwaka 2014 Serikali ilinipeleka Ujerumani kwa kozi ya miezi mitatu katika mji wa Stuttgart. Huko nikamkuta fundi mitambo mmoja, mhitimu wa shule hii, ambaye tulilala naye bweni moja. Ameniruhusu kusimulia habari hii, ila nisitaje jina lake. Kozi ilipokwisha mwezi Agosti aliniambia, "Kiranja, usirudi nyumbani hujaiona nchi. Nina gari dogo na hema." Miaka 18 ilikuwa imepita, naye bado aliniita Kiranja. Nilicheka, lakini neno lile lilinichoma. Sababu yake mtaisikia.

Tulianzia Ulm. Mji huo una kanisa ambalo mnara wake una urefu wa mita 161.5. Ujenzi wake ulianza mwaka 1377, ukasimama karne nzima na zaidi, ukamalizika mwaka 1890. Tulipofika sisi, hakukuwa na kanisa refu kulishinda duniani. Tulipanda ngazi 768 tukitazamia kuiona milima ya Alpi. Tuliona wingu. Mwenzangu akasema, "Tumelipa kuona wingu, na kule Njombe hutolewa bure!"

Kutoka Ulm tuliufuata Mto Danubi kuelekea kwenye chanzo chake. Wajerumani wana viwanja maalumu vya kupiga kambi. Unalipa kwa usiku, unapewa mahali pa hema, maji na bafu. Ikifika saa 4 usiku, kimya. Nikamwambia mwenzangu kwamba hili ni bweni tupu, limekosa kengele tu. Wanafunzi, mjue kwamba hata neno letu "shule" limetoka kwao, kwenye neno Schule. Nadhani na ile amri ya kulala mapema ilikuja katika sanduku hilo hilo.

Usiku wa tatu tulikuwa karibu na mji wa Sigmaringen. Mzee mmoja, jirani yetu kambini, alituonyesha kwa mkono sehemu iliyoinuka. Mimi, kwa mazoea ya kukaa nyuma ya meza na kutoa maagizo, nikasema hapana, hema liwe bondeni, pana kinga ya upepo. Saa 7 usiku maji yakaingia. Blanketi, viatu, mkate, vyote vikaelea. Tukakimbilia garini, tukakaa viti vya mbele tukitetemeka, na mvua ikipiga bati juu yetu. Hapakuwa na mahali pa kwenda wala jambo jingine la kufanya. Ndipo niliposema.

Mwaka 1996 redio ya bweni letu iliibwa. Usiku ule kijana huyu hakuonekana kitandani. Mimi, kiranja wa bweni, niliandika jina lake. Alijitetea kwamba alikuwa darasani akisoma kwa kibatari, hakusikilizwa. Jina lake lilisomwa mstarini, akachapwa viboko, akarudishwa nyumbani wiki tatu. Siku chache baadaye niliiona redio ile ndani ya sanduku la kiranja mwenzangu, rafiki yangu. Nikanyamaza. Nilijiambia kuwa adhabu imekwisha kutolewa, kusema hakutamsaidia mtu.

Nilipomaliza kuyaeleza hayo, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua tangu mwaka ule ule. Nilikuwa nangoja useme."

Nikamwuliza, "Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenijibu kama kiranja." Halafu akaongeza, "Mimi nimeshapoa. Lakini baba yangu alifariki mwaka 2003 akiamini kwamba mwanawe ni mwizi. Hilo huwezi kulirudisha."

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Kulipokucha akaniita tukunje hema.

Siku ya tano alinipeleka Immendingen. Ardhi ya pale ni ya mawe ya chokaa yenye nyufa, na wakati wa kiangazi Mto Danubi hudidimia wote chini, watu wakatembea juu ya kokoto kavu. Mwaka 1877 wataalamu walitia chumvi na rangi katika maji yale, na baada ya siku mbili na ziada vikatokea kwenye chemchemi ya Aach, umbali wa kilomita zipatazo 12. Kutoka hapo maji hushuka hadi Ziwa Bodensee, kisha yakaingia Mto Rhine. Yaani maji yaliyokuwa yakielekea Bahari Nyeusi huishia Bahari ya Kaskazini.

Sisi hatukuona kokoto. Mvua ilikuwa imeujaza mto, nyufa zote ziko chini ya maji. Lakini kule Aach tuliyakuta maji yakibubujika kwa nguvu. Tulisimama chini ya mwavuli mmoja tukiyatazama, na hakuna aliyesema neno. Sikuhitaji mhubiri.

Niliporudi nchini nilikwenda kijijini kwa mama yake, nikamweleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, mwanangu. Umechelewa." Akanipikia chai.

Ndugu Mwenyekiti, jina lile lilisomwa mbele ya shule nzima, hapo kwenye uwanja ule ninaouona dirishani. Kumwambia mama peke yake hakukutosha. Ndiyo sababu nilikubali kuzungumza leo. Nasema mbele ya shule nzima: kijana yule hakuiba. Aliyekosa ni aliyejua akanyamaza, naye ni mimi.

Ninyi viranja wa sasa, mkipewa daftari la kuandika majina, andikeni kwa woga. Na ukigundua umekosea, sema kesho yake asubuhi mstarini, ingawa wenzako watakucheka. Kuchekwa kutakwisha kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilingoja miaka 18, na nilipokuwa nangoja, mzee mmoja alizikwa.

Na mkija kupiga kambi, msiweke hema bondeni.