Kitu cha Nne Hakimo Humu: Safari Yetu ya Makumbusho, Tabora Hadi Dar es Salaam

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Tabora)



Kamati imenipa dakika ishirini nieleze habari za safari ya mwezi Juni 2025, ambapo chama chetu kiliwapeleka baadhi ya wanafunzi kutazama majumba ya makumbusho na ya sanaa ya jiji la Dar es Salaam. Mimi ni mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali akipewa dakika ishirini huzimaliza kwenye utangulizi. Kwa hiyo naingia moja kwa moja. Mchana huu mtapiga kura kuamua kama safari hii iendelee kila mwaka kwa fedha za chama, au kama fedha hizo zitengeneze bwalo, ambalo kusema kweli linavuja. Mimi nipo upande wa safari. Nimelisema mapema ili anayetaka kusinzia asinzie kwa haki.

Tulikuwa watu 30: wanafunzi 22 wa Kidato cha Tatu, walimu wawili, na sisi wanafunzi wa zamani sita, wote wa miaka arobaini na kitu. Vijana walituita wazee tangu stendi ya mabasi na hatukubishana nao.

Tulikwenda kwa basi hadi Dodoma, tukalala, kesho yake tukapanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya safari hiyo inafuatana na njia ya zamani ya misafara. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani hapa kwetu Tabora, Novemba mwaka huo huo. Sisi tulitumia siku mbili, na bado kuna waliolalamika kwamba viti vya basi ni vigumu. Tulipofika Manyoni mwalimu wa Historia alisimama katikati ya basi akawaonyesha vijana upande wa kusini, iliko Kilimatinde, kituo cha misafara. Akawakumbusha kwamba waliopita njia ile kwa wingi hawakuwa Wazungu wala Waarabu. Walikuwa Wanyamwezi, waliokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajenga nyumba zao Unyanyembe. Wengi walikuwa watu huru waliobeba mizigo kwa ujira. Katika misafara hiyo hiyo walikuwamo watumwa, ambao hawakuulizwa kama wanataka safari. Naomba mlishike neno hilo la wapagazi, kwa maana lilitufuata hadi mjini.

Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Yalifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Siku hizi huitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, na ndani yake mna habari za chimbuko la binadamu, za historia, kazi za sanaa, na hata magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Magari hayo yalitaka kutuvurugia ratiba, kwa sababu vijana waling'ang'ania kuhesabu milango na taa.

Mwongozaji wetu alikuwa mama mmoja wa makamo, mtumishi wa siku nyingi. Vijana walipokwisha kumwamkia alisema, "Marahaba, wanangu. Simu mifukoni. Watu wengi huja hapa wakatazama vitu mia mbili kwa saa moja, wakatoka hawajaona hata kimoja. Leo tutatazama vitu vinne. Na hicho cha nne hakimo humu."

Tukaangaliana. Ratiba niliyoandika mimi ilikuwa na vitu arobaini na saba.

Kitu cha kwanza kilikuwa Zinjanthropus, fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey bonde la Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75. Mama hakutuambia habari nyingi za mifupa. Alitaka vijana wajue kwamba fuvu hilo lilikaa Kenya kwanza, likaletwa Dar es Salaam mwaka 1965, na tangu hapo ni mali iliyo chini ya uangalizi wa makumbusho yetu. "Mkumbuke mwaka huo," alisema. Cha pili kilikuwa vyombo vya kauri vilivyochimbuliwa Kilwa, vingine kutoka China, hapo hatukukawia.

Cha tatu ndicho kilichotuweka. Kilikuwa kinyago cha Kimakonde cha mpingo, cha aina ile tunayoiita Ujamaa: watu wamepandana, mmoja juu ya bega la mwingine, tangu chini hadi juu, na hakuna alipoishia mmoja akaanza mwingine. Mama aliwaketisha vijana sakafuni akawaambia wakitazame kwa robo saa bila kusema. Ndugu zangu, mnajua robo saa ni ndefu kiasi gani kwa kijana wa miaka kumi na sita? Dakika tano za kwanza walikuwa wakisukumana viwiko. Dakika ya kumi walianza kuinama, kuzunguka upande wa nyuma, kuhesabu vichwa kwa vidole. Kimya kile sijakisikia shuleni hata usiku wa mtihani.

Kisha akauliza wameona nini. Mmoja akasema ameona ukoo. Mwingine akasema ameona umoja, jibu ambalo kila mwanafunzi wa Tanzania hulitoa akiwa hana jingine. Kijana mmoja mwembamba, ambaye njia nzima hakuwa amesema neno, akanyosha mkono. "Mama, mimi nimeona mpagazi. Huyu wa chini kabisa. Wote wako juu yake, na hakuna anayemtazama."

Mama alifurahi, lakini hakukubali upesi. Alitueleza kwamba wachongaji wenyewe walikiita kinyago cha namna hii dimoongo, kwamba mchongaji anayetajwa kukianzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, na kwamba mwanzoni kilionyesha mshindi wa mieleka akibebwa na wenzake mabegani kwa shangwe. Jina la Ujamaa lilikuja baadaye. Kwa hiyo, alisema, huyu wa chini hakulazimishwa, anashangilia.

Kijana akafikiri kidogo. "Hata akishangilia, Mama, uzito ni ule ule."

Tulicheka wote, na mama zaidi yetu. Nimeyasikia mazungumzo mengi ya sanaa tangu nilipokuwa Chuo Kikuu, Mlimani, mengine ya watu wenye digrii tatu, na sikumbuki lililonifaa kama hilo. Kijana yule amezaliwa kwenye njia ya wapagazi. Akitazama kazi ya mchongaji wa Kimakonde anaiona kwa macho ya Unyanyembe, na hakuna kitabu cha mwongozo kingempa macho hayo. Alichohitaji ni kufikishwa mbele ya kitu chenyewe na kupewa muda.

Sasa kitu cha nne. Mama alitupeleka pembeni akafungua kitabu kikubwa cha picha. Picha ilikuwa ya kiti cha enzi cha Kinyamwezi kutoka Buruku, chenye mgongo mrefu uliochongwa umbo la mtu. Ni kazi nzuri ajabu, na huhitaji kuwa Mnyamwezi kusema hivyo. Kiti chenyewe kiko Berlin, katika mali ya makumbusho ya mataifa ya Ujerumani. Kilichukuliwa katika miaka ya 1890. Mnaojua historia ya mji huu mtakumbuka kwamba Mtemi Isike alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Januari 1893, alipozidiwa na jeshi la Wajerumani. Baada ya hapo vitu vingi vya nchi hii vilipata safari ambazo wenyewe hawakuzipanga.

Ukumbi ulibadilika. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa sauti ya ukali kidogo kwa nini kisirudishwe. Mmoja wetu wazee, ambaye ni mwenyeji wa mambo ya fedha, alijibu kwamba kule kina hewa safi, ulinzi na wataalamu, nasi tungekiweka wapi? Mama alimgeukia kwa adabu. "Fuvu mlilotazama asubuhi lina miaka milioni moja na robo tatu. Tunalo tangu 1965. Limepungua?"

Akaongeza habari ya fuvu la Mkwawa, lililopelekwa Ujerumani na kurudishwa Uhehe mwaka 1954. Halikuwekwa Dar es Salaam. Liliwekwa Kalenga, kijijini, karibu na Iringa, na wananchi huenda kulitazama hapo hapo kwenye ardhi ya Mkwawa. Mimi naona hapo ndipo penye hoja yetu. Siku hizi mambo haya yanazungumzwa hadharani. Mwaka 2022 Ujerumani iliikabidhi Nigeria umiliki wa shaba nyingi za Benin, na Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Majimaji. Mlango umefunguliwa kidogo. Tukiulizwa kesho kiti cha Buruku kirudi wapi, ni nani hapa Tabora atakuwa amejiandaa na jibu?

Sikatai kwamba kazi zetu zionekane ng'ambo. Siku ya pili tulizungumza habari za Sam Ntiro, mchoraji wa Kilimanjaro aliyekuja kuwa balozi wetu wa kwanza London. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi usiku kwa bibi arusi, iko New York katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa. Hiyo ilinunuliwa. Mchoraji aliuza na jina lake limeandikwa pembeni. Aliyechonga kiti cha Buruku hakuuza, na jina lake halikuandikwa popote.

Siku zilizobaki nazipitia haraka. Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kiliwapendeza vijana kwa ngoma, lakini mimi nilifurahi walipoona tembe la Kigogo na kusema, "Paa hili ni kama la Kwihara." Oysterbay tulitazama mafundi wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, akafa 1972. Miaka minne tu, na wanafunzi wake wanaendelea hadi leo. Picha ya chui iliyo maktaba yenu ilinunuliwa pale. Mwenyekiti wetu aliomba punguzo hadi fundi akamwuliza kama yeye ni mwalimu wa hesabu. Mahali ilipokuwa Nyumba ya Sanaa tulipita bila kusimama. Ilianzishwa 1972, jengo lake likafunguliwa 1983, na George Lilanga alifanya kazi huko. Sasa jengo halipo. Kama nyumba ya sanaa katikati ya jiji kubwa inaweza kuondoka, sisi tusidhani tembe la udongo litajilinda lenyewe.

Ndiyo maana, Ndugu Mwenyekiti, narudi Kwihara. Ni mwendo wa kilomita chache kutoka hapa tulipokaa. Livingstone na Stanley walifika pale pamoja Februari 1872. Stanley akaenda zake pwani mwezi wa tatu, Livingstone akangoja wapagazi hadi Agosti. Mwaka uliofuata mwili wake ulipita hapo hapo, umebebwa na Chuma na Susi na wenzao kutoka Chitambo, wakiwa njiani kwenda Bagamoyo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, na Kwihara ni kituo kimojawapo kati ya sita, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Watalii hutoka Scotland kuja kukitazama. Hapa shuleni, nilipowauliza wale vijana 22 ndani ya basi ni wangapi wamefika, mikono iliyoinuka ilikuwa mitatu.

Pendekezo langu ni hili. Mwaka mmoja safari iwe ya Dar es Salaam, mwaka unaofuata iwe ya Ujiji na Kigoma, gharama ikiwa ndogo zaidi. Lakini kila mwaka, bila kukosa, Kidato cha Kwanza kizima kiende Kwihara, kwa miguu kama gari halipo. Wapagazi hawakuwa na gari. Na wale waliokwenda Dar es Salaam ndio wawaongoze wadogo zao, kwa mtindo wa yule mama: vitu vichache, robo saa, simu mifukoni. Vilevile chama kiandike barua kwa wahusika wa mambo ya kale kuuliza tembe lina mahitaji gani ya paa na milango. Barua hiyo nimekwisha kuiandika rasimu, ndiyo kazi niliyosomea.

Kuhusu bwalo, ndugu yangu mweka hazina amenionyesha hesabu zake na sina ugomvi nazo. Mvua ni mvua. Ila fedha za safari nzima hazitoshi hata nusu ya mabati yanayotakiwa, naye mwenyewe amekubali. Tukizitia kwenye bwalo tutakuwa na bwalo linalovuja upande mmoja badala ya pande mbili, na vijana ambao hawajatoka Tabora. Mimi niko tayari kuchangia mabati kwa mfuko tofauti, na nimekwisha kuandika jina langu kwenye karatasi iliyo mezani kwa katibu. Bado ina nafasi nyingi.

Kijana niliyemtaja yumo humu ukumbini. Hapendi kutajwa, nami nimeheshimu hilo, lakini kesho ndiye atakayetuongoza Kwihara. Basi dogo litaondoka mbele ya bwalo saa mbili asubuhi kwa wale wenye magoti mabovu. Wengine tutatangulia kwa miguu saa kumi na mbili, kabla ya jua.