Maharagwe ni ya Nani?

Wewe uliyeko Uvira, Kigoma, au hapahapa Bujumbura, leo tuongee maharagwe. Usicheke, ni habari ya damu.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 hapa Burundi ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 39 wana upungufu wa damu. Na hao ndio wenye jembe mkononi! Sasa ISABU, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, imetoa mbegu za maharagwe zenye madini ya chuma mengi kuliko zile za kawaida. Si dawa iliyonyunyiziwa, ni mbegu zilizochaguliwa kwa uvumilivu. Mungu awabariki watafiti.

Lakini nauliza: gunia likijaa, nani anaamua? Mama alipanda, akapalilia, akavuna, akapura. Kama ni yale maharagwe yanayopanda juu ya miti, yanazaa sana, ila miti hiyo nani anaikata na kuibeba? Mama tena. Halafu baba anasema, "Peleka sokoni." Zao zuri ndilo linaloondoka nyumbani haraka. Kazi imeongezeka, sahani ni ileile, na mama anakula wa mwisho, hata akiwa na mimba. Hapo mbegu mpya imemsaidia nani?

Na ardhi je? Burundi haijawa na sheria iliyoandikwa ya urithi wa mashamba. Mila ndiyo inaamua, na mila inampa kijana wa kiume. Binti za Selofehadi, Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa wakadai, wakapewa. Sura hiyo tunaihubiri mara chache, sijui ni kwa nini.

Akina mama, chai msinywe pamoja na maharagwe. Inazuia chuma kuingia mwilini. Kamulieni limau, au wekeni nyanya na ndagala kidogo.

Akina baba, hili ni lenu. Mavuno ya msimu B yakiingia mwezi wa sita, kabla gunia halijatoka mlangoni, kaeni wawili: hili la kula, hili la mbegu, hili la kuuza. Na mama aseme kwanza.