Kompyuta Isiyowaka Baada ya Kuongezewa Kifaa: Uchunguzi na Haki za Mnunuzi

Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa na huduma, Jijini Mwanza



Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wenu wa Mwanza, Magu, Sengerema na Ukerewe mmekwisha kulikuta. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi, ila kwa uzito. Mkashauriwa iongezewe RAM, au diski yake ya zamani ibadilishwe kwa SSD, au iwekewe kadi ya picha yenye nguvu zaidi. Fedha zikalipwa, kifaa kikafungwa, na tangu hapo mashine haiwaki. Muuzaji anasema fundi ameiharibu. Fundi anasema muuzaji ametoa kifaa kibovu. Na mwenye mali amesimama katikati, hana mashine wala fedha.

Hasara hiyo si ndogo. Mwenye duka la steshenari kule Nyegezi hutegemea mashine moja kuchapa barua na kuwajazia wanafunzi maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Mashine ikilala siku tatu katika msimu wa maombi, mteja huenda duka la jirani, na pengine asirudi. Anayetoka Nansio hulipa nauli ya kuvuka ziwa, kwenda na kurudi, kabla fundi hajalegeza hata skrubu moja. Kwa hiyo tunataka mwondoke hapa mkijua mambo mawili: namna ya kuichunguza mashine kwa utaratibu, na namna uchunguzi huo huo unavyoonyesha ni nani anayewajibika.

Usalama kwanza

Chomoeni waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi, ili umeme uliobaki ndani uishe. Kwa kompyuta mpakato, ondoeni chaja, na betri pia ikiwa ni ya kutoka. Guseni chuma cha kasha kabla ya kushika kifaa chochote cha ndani. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe na asiye fundi, kwa maana ndani yake hubaki umeme unaoweza kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa.

Mkinunua pawa saplai iliyokwisha kutumika ng'ambo, tazameni nyuma yake. Baadhi zina swichi ndogo yenye namba 115 na 230. Umeme wa majumbani hapa Tanzania ni wa volti 230. Swichi ikiachwa kwenye 115, kifaa kinaweza kuungua mara tu umeme utakapofunguliwa.

Dalili tatu, maana tatu

Watu husema tu kwamba kompyuta "haiwaki", lakini neno hilo hubeba hali tatu zilizo tofauti.

Hali ya kwanza: hakuna taa wala feni inayozunguka. Anzeni na soketi. Ijaribuni kwa chaja ya simu. Kisha tazameni waya na swichi ya nyuma ya pawa saplai. Ndani ya kasha, hakikisheni kwamba plagi kubwa ya bodi kuu, ile ndogo iliyo karibu na prosesa, na nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia zimekaa sawasawa. Mkono unaofunga kifaa kipya mara nyingi husukuma waya wa zamani ukalegea.

Hali ya pili: feni zinazunguka, lakini skrini ni giza. Kama iliyoongezwa ni RAM, yawezekana haijaingia hadi mwisho. Ichomoeni, ifuteni vumbi kwa kitambaa laini kikavu, muirudishe mpaka vishikizo vifunge. Yawezekana pia kwamba aina yake hailingani na mashine. DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kwa kuwa pengo lake limekatwa penginepo, anayelazimisha huvunja. Tena zipo kompyuta mpakato zinazotaka DDR3L ya volti 1.35 na kuikataa DDR3 ya kawaida ya volti 1.5, ingawa huingia bila shida. Kwa mashine mpya zenye DDR5, subirini dakika kadhaa katika kuwasha kwa mara ya kwanza, maana huichunguza RAM mpya huku skrini ikiwa giza. Kama iliyowekwa ni kadi ya picha, waya wa skrini uhamishiwe kwenye kadi hiyo, na kadi ipewe waya wake wa umeme ikiwa inauhitaji. Ulizeni pia kama pawa saplai ya zamani inaimudu kadi hiyo.

Hali ya tatu: maandishi yanatokea, pengine yakisema kwamba hakuna diski ya kuwashia. Hapo msikubali kuambiwa kwamba "bodi imekufa". SSD mpya haina mfumo endeshi mpaka uwekwe. Au waya wake umelegea. Au mpangilio wa kuwashia katika BIOS bado unaitafuta diski iliyoondolewa. Haya hutengenezwa bila kununua bodi nyingine.

Katika hali zote tatu, kanuni ni moja: kilichobadilishwa mwisho hushukiwa kwanza. Ondoeni kifaa kipya, rudisheni cha zamani, washeni. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andikeni kilichotokea.

Nani anawajibika?

Mashine ikiwaka kwa kifaa cha zamani, basi shaka iko kwenye kifaa kipya, au katika kulingana kwake na mashine. Kipelekeni kwa muuzaji kijaribiwe mbele yenu katika mashine nyingine ya aina inayofaa. Kikikataa na huko, dai lenu lina nguvu. Kikifanya kazi, swali ni nani aliyekichagua. Ikiwa mlimtajia muuzaji aina ya kompyuta yenu naye akasema kinafaa, hawezi kujitoa. Ikiwa mlikichagua wenyewe bila kumweleza kitu, dai lenu ni dhaifu.

Mashine isipowaka hata kwa kifaa cha zamani, yamkini kuna kilichoharibika wakati wa kazi. Kama fundi aliipokea ikiwa nzima, ana wajibu wa kueleza. Ndiyo maana tunasisitiza: kabla ya kumwachia, iwasheni mbele yake, naye aandike kwamba ameipokea ikiwaka.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inataka bidhaa anayouziwa mlaji iwe na ubora unaostahili na ifae kwa kazi aliyomweleza muuzaji, na huduma itolewe kwa uangalifu na ujuzi. Tangazo la dukani lisemalo "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" haliufuti wajibu huo. Lakini sheria haimkingi aliyebadili nia tu, wala aliyeonyeshwa kasoro kabla ya kununua akakubali. Daini risiti ya EFD, na mwombe jina kamili la kifaa liandikwe. Neno "RAM" peke yake halithibitishi kitu.

Vifaa vya zamani na taarifa zenu

Kifaa kilichotolewa ni mali yenu, isipokuwa mmekubaliana vingine. Msikiache kwa fundi, kwa kuwa ndicho kipimo, na ndicho kitakachoiwasha mashine endapo kipya kitashindwa. Diski ya zamani ina uzito zaidi: imebeba vyeti vya wateja, namba za vitambulisho na hesabu za biashara. Nakilini taarifa zenu kabla ya kazi kuanza, kisha ondokeni na diski hiyo mkononi. Nchi yetu imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na anayehifadhi taarifa za wenzake ana dhamana ya kuzilinda.

Mkikosa kuelewana na muuzaji au fundi, mwandikieni kwanza, mkieleza mlichonunua, lini, kwa bei gani, mlichojaribu na mnachodai: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Asipojibu, pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na nakala ya barua na risiti. Mwenye kumbukumbu zilizopangwa husikilizwa upesi kuliko mwenye sauti kubwa.