Gari Linalia Nini?

  Kama yuko miongoni mwenu aliye safarini saa hii, nasema naye zaidi ya wengine, maana mazungumzo yangu ya leo yanahusu gari.

Mimi ni mchungaji wa mtaa mmoja katika milima ya Taita. Anayezijua barabara za huko hana haja ya kuelezwa. Kutoka Mwatate hadi Wundanyi utapanda kwa lami, kona juu ya kona, na upande mmoja ni bonde. Lakini makanisa yangu mengi hayako kando ya lami. Ukiiacha lami unakutana na mawe, na mifereji iliyochimbwa na mvua, na vumbi jekundu linaloingia hata pale ambapo maji hayaingii. Gari langu ni Toyota Probox, gari dogo la kazi ambalo Wajapani walilitoa mwaka 2002 ili kubebea mizigo ya biashara katika miji yao, nasi Wakenya tukalipa kazi ya punda. Kila nilipokwenda kanisa la mbali, nilisikia mawe yakilikwaruza tumbo. Basi mwaka 2022 nikalipeleka kwa fundi mmoja, naye akaliinua.

Kilichofanyika ni hiki. Mbele, juu ya springi, paliwekwa vipande vizito vya alumini vinavyoitwa spesa. Nyuma zikatiwa springi ngumu kuliko zile lililotoka nazo kiwandani. Shokabzoba zote nne zikawa mpya. Na ile mipira miwili inayoshika chuma cha stabilaiza, ambayo kwa kawaida ni mipira myeusi, ikabadilishwa kwa mingine myekundu, migumu, ya poliyurethani. Nikaambiwa hiyo haiishi upesi. Nikalipa, nikaondoka nimeketi juu kama mkuu wa wilaya, na kwa muda wa juma moja sikusikia jiwe hata moja.

Juma la pili gari likaanza kusema.

Lilisema kwa sauti zaidi ya moja, na hilo ndilo lililonichanganya. Kulikuwa na mlio mwembamba, ngwii, ngwii, kama mlango wa bawaba zisizotiwa mafuta. Kulikuwa na ko-ko-ko ya upesi upesi penye barabara ya mawimbi. Nilipogeuza usukani hali gari limesimama, ilitoka sauti kama ya waya wa gitaa uliovutwa ukaachwa. Na mara moja moja, hasa nilipofunga breki katika mteremko, ngo! Moja tu, nzito, kisha kimya.

Nami nilifanya nini? Nawaambieni ukweli. Niliongeza sauti ya redio. Sala ya safari niliisali kila asubuhi kabla ya kutia ufunguo, lakini chini ya gari sikuchungulia hata siku moja. Nilijiambia kwamba gari lililoinuliwa lazima lipige kelele, na kwamba hata magari ya Safari Rally, yanayokimbia katika nchi yetu tangu mwaka 1953, hayaendi kwa utulivu. Ni kweli, hayatulii. Ila gari la mashindano lina mafundi wanaolingoja walichunguze, na langu lilikuwa na mimi tu.

Katika mtaa wangu yuko mama mmoja mzee, mjane, ambaye nilikuwa nikimpeleka kliniki ya presha huko Wesu. Huketi kiti cha mbele, mkoba magotini, na si mtu wa maneno mengi. Siku moja tukiteremka, likapiga ngo! Akanigeukia.

"Baba Mchungaji, gari linalia nini?"

"Ni kawaida yake, mama," nikamjibu. "Ni springi mpya."

Akanyamaza. Tukaendelea na safari. Lakini usiku ule nilipolala neno lile lilinirudia. Ni kawaida yake. Nani aliniambia ni kawaida? Chuoni nilifunzwa Kigiriki na historia ya kanisa; springi sikufunzwa. Mama yule hakuniamini kwa kuwa najua magari. Aliniamini kwa kuwa mimi ni mchungaji wake. Nilikuwa nimechukua imani aliyo nayo kwangu katika jambo moja, nikaitumia kufunika ujinga wangu katika jambo lingine.

Siku ya tatu yake nikateremka Mwatate kwa fundi kijana niliyeelekezwa. Nilidhani ataingia chini ya gari mara moja. Hakuingia. Aliniambia nitoe kila kitu kilichomo ndani ya gari. Tukatoa jeki, ambayo haikuwa imefungwa mahali pake, tukatoa spana, chupa tupu, na chini ya kiti cha nyuma tukakuta kengele ndogo ya shule ya Jumapili iliyotafutwa tangu Pasaka. "Sasa twende," akasema. Nusu ya ile ko-ko-ko ilikuwa imebaki pale chini juu ya gunia.

Kisha akanifundisha jambo ambalo sijalisahau. Alinipeleka penye matuta ya barabarani, akaniambia nipite taratibu, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda pamoja. Gari likapita karibu kimya. Kisha akaniambia nipite kando, gurudumu moja likishuka mferejini na lingine likibaki juu. Ko-ko-ko! Akacheka. Stabilaiza, akanieleza, ni chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale upande penye kona. Magurudumu yakipanda pamoja, chuma hicho hakina kazi kubwa. Likipanda moja peke yake, ndipo kinaposokotwa, na ndipo linki zake zilizolegea zinapogonga. Kwa hiyo kelele inayokuja gurudumu moja linapopanda peke yake, na kupungua yote mawili yanapopanda pamoja, anza kuitafuta hapo. Hakuwa amegusa spana bado.

Ule mlio mwembamba aliutafuta kwa chupa ya maji. Alimwaga kidogo juu ya ile mipira myekundu, tukaliinamisha gari na kuliachilia kwa mikono. Kimya. Tukangoja maji yakauke, tukalisukuma tena: ngwii. Basi ni hiyo. Bushi za mpira wa kawaida zile za mikono ya magurudumu, akasema, zimeshikamana na chuma chake ndani na nje, na gari linapopanda na kushuka mpira wenyewe hujipinda ukarudi. Poliyurethani haijipindi hivyo. Husuguana na chuma kilichomo ndani yake, na ikikauka au ikiingia vumbi hulia. Haina hatari. Dawa yake ni grisi ya silikoni, nayo itabidi irudiwe. Akanionya nisitie oili ya injini wala grisi ya kawaida kwenye mipira myeusi, kwa kuwa mafuta ya petroli huivimbisha na kuilainisha hadi ikaharibika.

Sauti ya gitaa ilikuwa mauntingi ya juu ya shokabzoba ya mbele, upande wa kulia. Ndani yake mna beringi inayoiwezesha springi kugeuka pamoja na gurudumu. Ile yangu ilikuwa ya zamani, ikarudishwa juu ya springi iliyobanwa zaidi, nayo ikakwama. Nilipogeuza usukani springi ilikataa kugeuka, ikajikusanya, kisha ikaruka mara moja. Fundi aliweka kiganja chake juu ya springi nami nikageuza usukani, tukaihisi ikiruka kabla hatujaisikia.

Ilibaki ile ngo.

Sasa ndipo alipolipandisha gari, na nataka mlisikie hili vizuri ninyi mnaojitengenezea nyumbani. Hakuingia chini likiwa juu ya jeki peke yake. Aliweka stendi za chuma pande zote mbili, akalitikisa gari kwanza, ndipo akalala chini. Jeki huteleza, nayo haimwonei mtu huruma.

Aliuingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na shingo ya gurudumu, akaukandamiza. Nikaona kwa macho yangu boljointi ikiinuka na kushuka ndani ya kikombe chake, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kifuniko chake cha mpira kilikuwa kimepasuka. Grisi ilikwisha toka zamani, na mahali pake palikuwa na udongo mwekundu wa Taita. Boljointi hiyo ndiyo inayolishika gurudumu chini. Ikitoka, gurudumu hulala nje, na gari haliongozwi tena. Kule kuliinua gari kulikuwa kumeufanya mkono ule ushuke chini zaidi, na boljointi ikafanya kazi kwa pembe ambayo haikuwekewa.

Zaidi ya hayo akaniandama kwa swali: bolti za mikono hii zilikazwa gari likiwa wapi? Nikakumbuka kwamba zilikazwa magurudumu yakining'inia hewani. Hapo alitikisa kichwa. Bushi za mpira hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu yake. Ukizikaza likiwa linaning'inia, mpira unafungwa ukiwa umepinda, na gari likishushwa unakaa umejinyonga mchana na usiku, nao haukawii kupasuka. Zangu zilikuwa zimeanza.

Nikaliacha gari kwake siku mbili. Boljointi zikawekwa mpya, zote mbili, pamoja na bushi za chini, mauntingi na linki. Zile spesa nene za mbele nikazitoa, nikaweka nyembamba. Springi ngumu za nyuma nilizibakisha, maana nabeba watu na magunia. Nikiwa peke yangu hunirusha kidogo, na hiyo ni gharama niliyoichagua mwenyewe. Kisha nikaenda kufanyiwa alaimenti, kwa kuwa gari lililoinuliwa au kushushwa, magurudumu yake hayaelekei tena pale yalipoelekea, na matairi huliwa upande mmoja.

Kabla ya kumbeba yule mama tena nilikwenda nyumbani kwake. Nilikuta anachambua maharagwe. Nikaketi, nikamwambia, "Mama, siku ile nilikuambia kelele ya gari ni kawaida yake. Sikuwa najua. Kumbe gurudumu lilikuwa karibu kutoka, nawe umeketi ndani."

Aliendelea kuchambua kidogo. Kisha akasema, "Nilijua hujui, Baba Mchungaji. Ulijibu upesi mno."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kupanda. Akasema kliniki ni mbali.

Ndugu msikilizaji, jibu hilo lilinichoma kuliko kama angenikaripia. Wako wengi wanaopanda magari yetu, magari ya kanisa, ya shule, matatu zetu, wakiisikia ile ngo kama sisi tunavyoisikia, na hawashuki kwa sababu kliniki ni mbali.

Siku hizi gari langu halijanyamaza kabisa. Msimu wa vumbi mipira myekundu hulia, nami huipaka grisi yake, ikatulia miezi kadha, ikaanza tena. Ningeweza kurudisha mipira myeusi, lakini nimezoea. Nati za linki na za mikono fundi alizitia mstari wa rangi nyeupe, unaopita juu ya nati na juu ya chuma, ili mistari ikiachana nijue kwamba nati imegeuka. Kila Jumatatu huchungulia. Na abiria anaponiuliza ile ngwii ni nini, namweleza ni mpira upi na uko wapi, na kwamba niliutazama lini. Sauti ambayo siijui nasema siijui.

Ninyi mnaonisikiliza mkiwa barabarani, hebu nipunguzeni kidogo. Fungueni na dirisha. Nitarudi juma lijalo, gari lenu halina siku yake katika ratiba ya redio.

Nimalizie na safari yetu ya mwezi uliopita. Tulikuwa tumetoka Wesu, mimi na mama yule, gari likilia ngwii yake ya kawaida. Sikuwa naisikia tena, kama mtu asivyoisikia saa ya ukutani. Tulipofika kwenye mawe akaweka mkono juu ya dashibodi.

"Hiyo ya leo si ile."

Nikasimamisha gari kando, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikainama. Linki ya kushoto, mstari mweupe ulikuwa umeachana upana wa kidole. Nilichukua spana nikaikaza pale pale, naye amesimama juu yangu ameshika mkoba wake, akiniuliza kama nimetazama na ya kulia.

Nikaitazama na ya kulia. Kwaherini, hadi juma lijalo.