Barabara Moja, Jioni Moja kwa Mwezi: Sanaa Yetu Ipewe Siku Yake

*Haya ni maandishi ya hotuba ya afisa wa utamaduni kwa wakaazi, wafanyabiashara na wasanii wa Kisiwani, Mombasa, katika mkutano wa kutoa maoni kuhusu pendekezo la kufunga sehemu ya Biashara Street jioni moja kila mwezi.*



Nawashukuru kwa kufika, na hasa nyinyi wenye maduka, kwa sababu jambo tunalolizungumza litapita mlangoni kwenu. Pendekezo lenyewe ni fupi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa kumi alasiri hadi saa tatu usiku, sehemu ya Biashara Street ifungwe kwa magari. Barabara waachiwe wachonga vinyago, wasusi, wachoraji, washairi, vikundi vya ngoma, waimbaji wa taarab na wapishi wetu. Sikuja kuwaambia kwamba limeshapitishwa. Nimekuja kueleza kwa nini naliunga mkono, na pia masharti ambayo yasipotimizwa, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kulipinga.

Kazi hii ni ya nani

Kuna anayeuliza kwa nini kaunti ijishughulishe na ngoma na michoro ilhali kuna mitaro ya kuzibua. Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne linaorodhesha kazi za kaunti, na humo mna shughuli za kitamaduni na burudani ya umma. Katika orodha hiyo hiyo mna masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uzoaji taka.

Tazameni orodha hiyo. Vitu vyote vinavyohitajika ili jioni kama hii ifanyike viko mikononi mwa kaunti, isipokuwa usalama, ambao ni wa polisi wa taifa. Kwa hiyo ikishindikana, hatutakuwa na wa kumsingizia. Na mtaro usipozibuliwa, hata jioni yenyewe haitafanyika, maana hakuna atakayekaa kwenye mkeka kando ya maji machafu.

Kwa nini kila mwezi

Pwani hatukukosa sherehe. Lamu wana Maulidi yao na tamasha lao la utamaduni, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuzishuhudia. Lakini hizo huja mara moja kwa mwaka. Mchonga vinyago hawezi kulisha watoto kwa siku tatu za mwaka. Anachohitaji ni siku inayojulikana, ili mteja aliyekosa pesa mwezi huu aweze kusema, “Niwekee, nitakuja mwezi ujao,” na mwezi ujao amkute pale pale.

Soko lolote hujengwa hivyo. Kinacholifanya likue ni uhakika wa siku, saa na mahali. Mwenye matatu, mwenye hoteli na mgeni aliyeko Nyali au Diani wote wataweza kuipanga jioni hiyo mapema. Tukiifanya mwezi mmoja, tukaiacha miwili, kisha tukairudisha kwa sababu kuna mgeni wa heshima anakuja, tutakuwa tumewapotezea watu wakati wao.

Kwamba barabara ya mjini inaweza kufungwa kwa ratiba, majirani zetu wameshatuonyesha. Kigali ilianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara zake asubuhi moja kila mwezi ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Baadaye siku hizo zikaongezwa zikawa mbili kwa mwezi. Wao walilenga afya, sisi tunalenga sanaa, lakini kazi ya kugeuza njia za magari na kuzoesha watu ni ile ile.

Tuna nini cha kuonyesha

Nimesikia watu wakisema tutajaza barabara vitu vya kutoka nje. Basi tuhesabu vya kwetu.

Biashara Street ni mtaa wa leso. Kila mama hapa anajua leso ina pindo, ina mji na ina jina. Kitambaa chenyewe siku hizi mara nyingi huchapwa ng'ambo. Jina ni letu. Maneno yale machache, ambayo yanaweza kusuluhisha ugomvi wa mawifi au kuuanzisha, hutungwa na watu wa huku huku. Leso huuzwa kwa maelfu na mtunzi wa jina hatajwi popote. Napendekeza kila mwezi kuwe na meza ya watunzi wa majina ya leso, watunge mbele ya watu, wasikike kwa majina yao, na wenye maduka wachague na wanunue.

Mji huu pia ni wa mashairi. Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, alitunga juu ya vita vya Mombasa na Zanzibar, juu ya bei ya vitu, juu ya mapenzi na madeni. Wataalamu wa fasihi humtaja kuwa ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Kumpa malenga kipaza sauti katikati ya mtaa wa biashara hapa Mombasa, basi, hakutakuwa jambo geni.

Nendeni Changamwe mwone wachongaji wa ushirika wa Akamba, ulioanzishwa 1963. Ufundi wao wenyewe una safari ndefu. Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi nao nyumbani, akawafunza wenzake. Mpingo ulipoanza kuadimika, wachongaji walihamia miti mingine kama mwarobaini na mwembe. Mnunuzi akisimama akasikia hayo kwa mchongaji mwenyewe, hatabishana naye kwa shilingi hamsini.

Bombolulu, tangu 1969, watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza mapambo, nguo na bidhaa za ngozi. Wapo wasusi wa mikeka, wapo washonaji wa kofia za vito. Ziko sengenya za Wadigo, ngoma za Wagiriama, chakacha ya akina mama. Iko taarab ya Mombasa, iliyopata sifa Afrika Mashariki nzima kwa akina Juma Bhalo, Zuhura Swaleh na Zein l'Abdin na udi wake. Na kwa tumbo, sina haja ya kuwatajia viazi karai, mishikaki, mahamri na mbaazi.

Msanii alipwe

Sasa nafika kwenye sharti la kwanza.

Katika harusi zetu mwimbaji hutunzwa. Mama huinuka, hucheza polepole mpaka jukwaani, humtia noti mkononi mbele ya watu wote. Hakuna anayeona haya, maana mwenye kazi anapewa chake. Lakini kwenye shughuli za umma kumezuka mtindo mwingine. Kikundi cha ngoma husombwa kwa lori asubuhi, hucheza juani wakati wageni wakishuka magarini, hupewa soda na fulana, kisha huambiwa kwamba wamepata kujulikana. Kujulikana huko hakulipi karo.

Kwa hiyo naomba pendekezo hili liandikwe wazi: kila kikundi kitakachopangwa kwenye ratiba kilipwe kiasi kilichokubaliwa kwa maandishi, jioni ile ile, kwa simu. Kama pesa za mwezi huo zinatosha vikundi vitatu, tuite vitatu. Tusiite kumi tukawalipa shukrani. Wale wa kutunzwa na watazamaji waendelee kutunzwa, na hayo yawe yao, juu ya malipo.

Kwa wenye meza za kazi za mikono, kipaumbele kiwe kwa anayetengeneza. Leo mchongaji wengi wetu tunamnunulia kupitia kwa wachuuzi na madalali, na kila mkono unaopita hubaki na chake. Mwenye duka la vinyago hatukatazi kuja, lakini meza za mbele ziwe za wenye mikono yenye vumbi la mti. Na miezi ya mwanzo meza hizo zisitozwe ada, mpaka tuone kama watu wanauza.

Saa na sauti

Sharti la pili ni kuheshimiana. Kisiwani tunaishi juu ya maduka. Kuna wagonjwa, kuna watoto wachanga, kuna misikiti karibu kila kona.

Ngoma za vishindo zichezwe baada ya alasiri na zinyamaze kabla ya magharibi. Adhana ikiingia, vipaza sauti vizimwe mpaka watu watoke kuswali, na vivyo hivyo kwa isha. Kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009 zinashusha kiwango kinachoruhusiwa kuanzia saa mbili usiku. Kwa hiyo saa ya mwisho iwe ya udi, mashairi na hadithi, vitu vinavyosikilizwa kwa karibu. Mwezi wa Ramadhani tusimame, au wakaazi waamue kama wanataka soko dogo la futari bila muziki.

Muziki wowote utakaopigwa hadharani uwe na leseni ya haki za watunzi. Hatuwezi kusema tunawaheshimu wasanii huku tukipiga nyimbo zao bure. Anayeuza chakula awe na cheti cha afya, kama anavyotakiwa siku nyingine zote.

Wanaoishi kwa barabara hii

Mwenye duka anauliza, “Mteja wangu ataegesha wapi?” Hamali anauliza, “Mkokoteni wangu utapita wapi?” Mwenye tuktuk anauliza hivyo hivyo. Sitawaambia hawatapoteza kitu. Saa tano za Jumamosi ni pesa. Ninachoomba ni kwamba mizigo iingie kabla ya saa tisa, njia za pembeni zibaki wazi, tuktuk zipewe kituo kwenye kila mwisho wa barabara, na katikati kuwe na njia isiyowekwa meza hata moja, ili zimamoto na ambulensi zipite. Njia hiyo hiyo itamfaa mwenye kiti cha magurudumu. Na taka ziondolewe usiku ule ule, mwenye duka asiamke kufagia vijiti vya mishikaki vya watu wengine.

Kuna na mchuuzi wa barabarani. Huyu siku nyingine hukimbizwa na askari wa kaunti kutoka pale pale. Itakuwa aibu kumfukuza jioni ya utamaduni ili tuweke meza za wageni. Aandikishwe, apewe nafasi yake, na ajue mapema.

Nasema haya kwa sababu jioni za namna hii zimewahi kuwaponyoka wenyewe kwingineko. Mjini Oakland, California, nchini Marekani, mwaka 2006 nyumba za sanaa zilikubaliana kufungua milango Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi. Watu walifurika mpaka Telegraph Avenue ikawa inafungwa kwa magari, na sherehe ya barabarani ikawa kubwa kuliko sanaa iliyoizaa. Februari 2013 kijana mmoja akauawa kwa risasi karibu na hapo baada ya sherehe, na masharti yakakazwa. Baadhi ya nyumba za sanaa zilianza kufungua Jumamosi mchana, ili anayekuja kutazama kazi apate kuitazama. Sherehe hiyo iliendelea, lakini funzo lake ni kwamba umati mkubwa pekee si dalili ya mafanikio. Sisi tuhesabu meza ngapi zimeuza na vikundi vingapi vimelipwa.

Mnachoombwa

Napendekeza tuanze na miezi sita ya majaribio. Kila mwezi, Jumatatu inayofuata, wawakilishi wa maduka, wasanii, misikiti, mahamali, wachuuzi na wakaazi wa ghorofani wakae na maafisa wa kaunti. Waangalie mapato, malalamiko na taka, na matokeo yabandikwe mahali watu watayasoma. Baada ya miezi sita tukutane tena hapa. Ikiwa msanii hakupata na jirani hakulala, tuifunge jioni hiyo, tuwafungulie magari.

Toeni maoni yenu leo kwa mdomo, au kwa maandishi katika ofisi ya msimamizi wa wadi yenu. Yanayopinga nayo yaandikwe vile vile yalivyosemwa. Na nyinyi wasanii, msiondoke mkiwa mmenyamaza kisha mkalalamika vibarazani. Semeni leo mnataka kulipwa kiasi gani, mnahitaji meza ya ukubwa gani, na mnaweza kuja miezi mingapi mfululizo. Bila majibu hayo hatuna ratiba ya kuandika.

Kipaza sauti sasa ni chenu.