Mikono Iliyolainisha Jiwe

Somo: Kutoka 35:25–35



Leo twataka kwenda pamoja nanyi hadi Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, mahali yanapochimbwa na kuchongwa mawe ya sabuni. Wengi wenu mmeyaona: meupe, ya waridi, ya kijivu. Ukiyagusa yateleza kama sabuni, ndiyo maana yakaitwa hivyo. Bakuli, sahani na sanamu za Tabaka hufika Nairobi na Mombasa, na huvuka bahari mpaka Ulaya na Marekani. Sanamu ya ndege wa amani iliyochongwa na Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, imewekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Siku moja tulizuru nyumba moja huko. Baba alikuwa chini ya mti, ana panga na patasi, akichonga kiboko. Hatua chache kutoka kwake, mama na wake wawili wa wanawe waliketi kuzunguka karai la maji. Kipande kikitoka kwa baba kimejaa alama za patasi. Wao hukilowesha, hukisugua kwa msasa mkali, kisha kwa ulio laini, kisha kwa ulio laini zaidi. Hukikausha juani, hukipaka nta na kukisugua kwa kitambaa mpaka king'ae. Vingine hutiwa rangi, kisha huchorwa maua na wanyama kwa ncha ya kisu.

Tulichagua msalaba mdogo, tukauliza, "Nani ameutengeneza?" Baba akajibu, "Ni mimi, Pasta." Tukamlipa yeye, tukamshukuru yeye, tukaomba baraka juu ya mikono yake. Tulipokuwa tukiaga tulimpa mama mkono, tukashangaa jinsi ncha za vidole vyake zilivyokuwa laini. Akacheka, akasema, "Msasa hausugui jiwe peke yake, Pasta. Alama za vidole ziliisha zamani."

Ndugu zangu, tuliondoka tukiwa na aibu. Ule msalaba tuliupenda kwa sababu ulikuwa laini, na ulaini huo haukutoka kwa patasi. Tulikuwa tumebariki mikono miwili na kuiacha sita.

Hatusemi kazi ya baba ni nyepesi. Machimbo yana hatari, udongo huweza kuporomoka, na vumbi la jiwe huingia kifuani. Lakini kazi ya nyumba nzima ikiitwa kazi ya mtu mmoja, fedha nazo huwa za mtu mmoja.

Sasa tutazame somo letu. Hema ya Bwana ilipokuwa ikitengenezwa jangwani, mafundi wakubwa walikuwa Bezaleli wa kabila la Yuda na Oholiabu wa kabila la Dani. Lakini katika sura hii, kabla hawajatajwa hao wawili, tunaambiwa habari za wanawake wenye ujuzi waliosokota nyuzi kwa mikono yao wenyewe, wakazileta. Mungu hakusema, "Hao ni wasaidizi tu." Hekima ya Bezaleli ilitoka kwa Mungu, na hekima ya wale wanawake ilitoka wapi? Roho ni yule yule.

Jambo hili si la Wagusii peke yao. Huko Australia, wanawake wa jamii za wenyeji wa asili, mahali paitwapo Utopia, walianza mwaka 1977 kutia rangi vitambaa vya batiki. Mmoja wao, Emily Kame Kngwarreye, alikuwa mzee wa karibu miaka 80 alipoanza kuchora juu ya turubai. Alifariki mwaka 1996, na picha zake zajulikana duniani kote kwa jina lake mwenyewe. Mpwa wake, Gloria Petyarre, alishinda tuzo kubwa ya Wynne mwaka 1999. Kazi ilikuwa ya ukoo, lakini jina la mama halikupotea.

Je, sisi? Nawe unayetusikiliza kule Nyamira usiseme, "Haya ni ya Tabaka." Nani huchuma majani chai asubuhi yenye umande na kuyabeba mpaka kituoni? Na bonasi inapokuja, mara nyingi hulipwa kwa nambari ya nani?

Baba, fedha za mzigo zikifika, ziweke mezani mzihesabu pamoja na mama. Mnunuzi akiuliza ni nani aliyetengeneza, sema, "Ni sisi," kisha uwataje. Binti yako akitaka kujifunza patasi, usimwambie si kazi ya wasichana. Wako wanawake wanaochonga, na jiwe halikukataa. Mama, usione haya kutaja sehemu yako. Kunyamaza siku zote si unyenyekevu. Nasi wachungaji tutubu kwanza, maana mara ngapi tumemshukuru mwenye nyumba kwa chakula tulichopikiwa na mwingine?

Ule msalaba tunao hata leo mezani petu. Kila tunapoushika, tunamkumbuka mama yule kabla ya kuomba.

Tuombe. Ee Mungu uliyetufinyanga kwa mikono yako, wabariki wachimbao, wachongao na wasuguao. Utusamehe sisi tuliokula jasho la wengine bila kuwataja. Utufundishe kugawana kwa haki katika nyumba zetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.